Ramani Ije Barazani

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu, Ilala, Dar es Salaam. Waliokuwa kazini, safarini na msibani wameniomba niyaandike, nami nayaweka yote kama yalivyotoka.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo wote?

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wajumbe, wazee wangu mliokaa kivulini, mama zangu, vijana mliosimama ukutani, nashukuru kwa nafasi hii. Wengi wenu mnaniita Mwalimu. Nimefundisha jiografia shule za msingi mpaka nikastaafu. Wapo hapa niliowafundisha, na wapo niliowafundisha wao na watoto wao. Kwa hiyo mtanisamehe nikianza kama niko darasani.

Nani ataniambia Mto Nile unamwaga maji yake wapi? Naona mikono mingi. Vizuri sana. Sasa, mkono huohuo uliouinua usiushushe. Niambie: mfereji huu unaopita nyuma ya ofisi ya mtaa unatoka wapi?

Mikono imeshuka. Si kosa lenu. Ni kosa letu sisi walimu. Tuliwachoresha ramani ya Afrika mpaka mkaijua kwa kufumba macho, lakini hatukuwahi kuwawekea mezani ramani ya mahali vilipozikwa vitovu vyenu.

Ndugu zangu, nimekuja na ombi moja. Ramani za zamani za jiji hili zitoke kabatini, zije barazani. Kabatini zinalindwa na kufuli. Barazani zitalindwa na watu. Ramani ije barazani!

Sikuliota usiku mmoja jambo hili. Miaka michache iliyopita nilitaka nakala ya ramani ya Ilala ya kabla ya Uhuru. Nilikwenda ofisi moja, nitaihifadhi jina. Nikaambiwa njoo kesho. Nikaja kesho, nikaambiwa mwenye ufunguo wa chumba yuko likizo. Nikaja tena, nikaulizwa, mzee, unaitakia nini, una kesi ya kiwanja? Swali lile liliniuma, na linaniuma mpaka leo. Yaani mtu hawezi kutaka kuujua mtaa wake bila kuwa na kesi?

Mwishowe mpima ardhi mmoja mstaafu akanisaidia. Alikuwa na nakala ameikunja mara nane, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nikaipeleka steshenari, wakaikuza ikawa karibu na ukubwa wa mlango, nikaifunika kwa plastiki nzito. Nikaitundika nje ya nyumba yangu, juu ya baraza, pale ambapo muuza kahawa huweka birika lake baada ya alasiri. Sikumtangazia mtu.

Siku ya kwanza walikuja watoto. Walitafuta uwanja wa mpira, hawakuuona, wakaondoka. Siku ya pili akaja mzee mmoja ambaye kwa miaka yote niliyomjua ni mtu wa kunywa kahawa yake, kula kashata yake, na kuaga. Alisimama. Akakiweka kikombe chini. Akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya mstari mrefu unaotoka mjini kuja huku kwetu, akasema kwa sauti ya chini, "Kichwele."

Vijana wa bodaboda wakauliza, babu, Kichwele ndiyo wapi? Naye akageuka akawatazama kama vile wamemuuliza jina la mama yake. "Mmeegesha pikipiki zenu juu yake. Hii Barabara ya Uhuru, kabla ya Uhuru, iliitwa Kichwele."

Jioni ile hatukulala mapema. Mzee alionyesha bomba la mtaa lilipokuwa, ambapo kina mama walipanga madebe tangu alfajiri. Alionyesha nyumba iliyokuwa ikiwasha taa ya karabai wakati wa Maulidi. Alionyesha nyumba ya fundi cherehani aliyemshonea kanzu ya ndoa. Muuza kahawa aliondoka na birika tupu, akarudi na la pili. Na mimi, mwalimu wa jiografia, nilikuwa nimekaa mbele ya mwanafunzi wangu wa kwanza ambaye alikuwa ananifundisha.

Mnajua nini kilitokea baada ya wiki kadhaa? Plastiki ile ilianza kuchubuka mahali pamoja tu. Kwingine kote ilikuwa safi. Lakini pale penye mtaa wetu palikuwa na doa jeusi, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Ni vidole. Kila anayepita anabonyeza palepale anasema, "Sisi tuko hapa." Wino ukafutika. Mtaa wetu ukapotea kwenye ramani kwa sababu ya kupendwa.

Jiulizeni: kama ile nakala ingebaki imekunjwa mara nane, yule mzee angesimulia lini? Angemsimulia nani? Sisi tunasema wazee ni hazina, halafu tunawaketisha pembeni tunawauliza, "Haya babu, tusimulie ya zamani." Babu anaanzia wapi? Kumbukumbu haiji kwa kuamriwa. Inataka kuchokozwa. Mstari mmoja wa barabara, jina moja lililosahaulika, linatosha kufungua mlango ambao maswali mia hayafungui.

Lakini, ndugu zangu, lazima niwe mkweli. Ramani ina macho, na macho yake ni ya aliyeichora na aliyemlipa.

Mji huu umechorwa na wengi. Hapa palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Alifariki 1870, ujenzi ukasimama. Wajerumani wakaja, na 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Waingereza wakauteka mji 1916. Na kila aliyekuja alikuja na kalamu yake na majina yake. Chukueni Barabara ya Samora peke yake. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, chini ya miti ya migunga. Waingereza wakatafsiri, wakaiita Acacia Avenue. Tulipojitawala ikawa Independence Avenue. Leo ni Samora. Njia moja, majina manne, na kila jina linakuambia nani alikuwa ameshika rungu. Hata pale kwenye Sanamu ya Askari, kabla ya askari wetu kusimamishwa 1927, alikuwa amesimama Wissmann, gavana wa Kijerumani.

Sasa tazameni Mnazi Mmoja. Kwenye ramani za wakati wa Waingereza utaona ukanda mpana ulio wazi, umekatiza katikati ya mji. Upande mmoja mitaa ya Wahindi na zaidi ya hapo Uzunguni kwenye upepo wa bahari. Upande wa pili Kariakoo na huku kwetu. Mnadhani waliacha nafasi ile ili watoto wacheze? Ukanda ule uliachwa ili kututenga. Waliandika kanuni za afya na za ujenzi, wakasema nyumba ya aina hii ikae eneo hili, ya aina ile ikae lile, na matokeo yake watu wakagawanywa kwa rangi. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kanuni zimekufa zamani, lakini neno Uswahilini bado tunalo mdomoni, na bado wapo wanaolitamka kwa kukunja pua.

Na Kariakoo yenyewe? Vijana wangu mnaoshinda pale mnauza simu, mnajua mnasimama juu ya nini? Jina lile ni kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Waswahili wakalitamka kwa ulimi wao, Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi makwao katika vita ile. Waliangushwa na njaa, malaria na kuhara kuliko risasi. Bango moja lenye ramani, pale pembeni ya soko, lingemfanya kijana asimame dakika moja awakumbuke. Dakika moja tu.

Narudi kwenye baraza langu. Siku moja binti wa darasa la sita alisimama mbele ya ramani akaniuliza, "Mwalimu, mbona huku pote hakuna nyumba?" Nikasogea. Kweli. Mjini kila jengo la mawe lilichorwa, kanisa, hospitali, posta, hata bustani. Lakini ukitoka nje kidogo ya viwanja vilivyopimwa, ramani ilikuwa nyeupe. Nyumba za udongo na makuti hazikuhesabika kuwa nyumba. Kabla sijajibu, bibi mmoja aliyekuwa anauza vitumbua pale karibu akasema, huku mkono wake ungali kwenye kikaango, "Mimi nimezaliwa hapo hapo peupe."

Mmesikia? Nimezaliwa hapo peupe.

Siku ile ndiyo niliyoelewa kwamba kuitundika ramani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa yule bibi kalamu. Tukaweka plastiki mpya, tukafunga kalamu ya wino mzito kwa kamba, nikamwomba aanze. Hakutaka kuandika mwenyewe. Alimshika mkono yule binti, akamwongoza, "Hapa kisima. Hapa mwembe. Hapa kwa mama yangu." Ramani ikaanza kujaa.

Wenzetu wa Cape Town, Afrika Kusini, wamefanya hivi kwa ukubwa wake. Kulikuwa na mtaa unaoitwa District Six, watu wa kila rangi na kila dini wakiishi pamoja. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ikautangaza kuwa eneo la weupe. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa, nyumba zikabomolewa. Utawala ule ulipoanguka, mwaka 1994 wakafungua makumbusho ndani ya lililokuwa kanisa, na sakafuni wakatandaza ramani kubwa ya mtaa ule. Waliofukuzwa wakaja, wakapiga magoti, kila mmoja akaandika jina lake pale nyumba yake ilipokuwa. Buldoza lilivunja kuta. Majina yakarudi yakakaa mahali pake. Kama wao waliovunjiwa kila kitu waliweza, sisi ambao nyumba za baba zetu bado nyingine zimesimama tunashindwa nini?

Kuna jambo jingine. Hili nitalisema polepole kwa sababu lina misiba ndani yake.

Maji hayasahau. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, unapita Kigogo, unapita hapa bondeni kwetu na Jangwani, unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Desemba 2011 mnakumbuka. Watu walikufa. Maelfu walikosa pa kulala, wengi wakahamishiwa Mabwepande. Na tangu wakati ule, mvua za masika zikikaza, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yanasimama.

Nina jirani yangu, hayupo hapa leo, ameniruhusu nimsimulie. Alinunua kiwanja chake wakati wa kiangazi. Ardhi kavu, mchanga mzuri, bei nafuu. Akajenga vyumba vitatu. Masika ya kwanza maji yakaingia mpaka usawa wa godoro. Akainua msingi. Masika ya pili yakaingia tena. Akajenga ukuta nyuma, maji yakapitia mbele. Alilaumu mfereji, akalaumu jirani wa juu, akalaumu waliotupa taka. Taka zina sehemu yake, sikatai. Lakini siku moja alikuja kunywa kahawa akasimama mbele ya ramani. Nikamwonyesha mstari mwembamba wenye vialama vya majani, ambavyo ukisoma kwenye ufunguo wa ramani maana yake ni kinamasi. Ule mstari ulipita katikati ya sebule yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyeyafuata maji."

Angeiona ramani ile kabla ya kununua, angenunua? Dalali hakumwambia. Aliyemuuzia hakumwambia. Karatasi ingemwambia, lakini karatasi ilikuwa kabatini.

Tangu 2015, vijana wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria, wamepita kwa miguu kata zinazofurika wakiwa pamoja na wenyeji, wakichora nyumba, mifereji na njia, wakiuliza maji yalifika wapi ukutani. Kazi njema sana. Sasa fikirini ramani hiyo mpya ikitundikwa ubavuni mwa ile ya zamani, mahali ambapo kila mpangaji mpya na kila mnunuzi wa kiwanja atapita. Mtu anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anaona mkondo uliokuwepo na paa zilizokaa juu yake. Hatahitaji semina.

Nasema mpangaji mpya kwa makusudi. Sensa ya 1957 ilikuta watu wapatao 128,000 katika mji huu. Sensa ya 2022 imekuta zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa. Wengi wetu, au wazazi wetu, tulishuka na mabegi Stesheni au stendi. Wapo wanaodhani historia ya mtaa ni mali ya wenyeji peke yao. Hapana. Kijana aliyekuja mwaka jana kutoka Kigoma na kupanga chumba kimoja uani, huyo ndiye anayeihitaji ramani kuliko sisi. Mwenyeji amehadithiwa na bibi yake. Mgeni atahadithiwa na nani?

Najua mna hofu moja, na mjumbe mmoja ameniambia waziwazi: Mwalimu, utatuletea ugomvi wa viwanja. Ni hofu ya kweli. Baada ya mwezi mmoja alikuja kwangu bwana mmoja na futi kamba. Akaanza kupima ramani! Alitaka kuthibitisha kwamba ua wa jirani yake umeingia kwake. Nilimkalisha, nikamnunulia kahawa, nikamweleza. Kwenye ramani ile ya skeli ya 1:2,500, sentimita moja ni mita 25. Unene wa mstari wa kalamu peke yake unameza zaidi ya mita nzima. Utaamuaje ugomvi wa ua kwa mstari wenye unene wa mita? Akacheka, akakunja futi yake. Kwa hiyo napendekeza kila ramani iandikwe chini kwa herufi kubwa: Hii ni ramani ya historia, si hati ya kiwanja. Na tusitundike karatasi yoyote yenye majina ya wamiliki. Mambo ya umiliki yana ofisi zake.

Sasa tutundike wapi? Si ndani ya ofisi ya mwenyekiti, nisamehe Mwenyekiti. Mtu akiingia ofisini ana shida yake, anataka barua, hana macho ya kutazama ukuta. Tundikeni panapongojewa. Foleni ya zahanati. Kituo cha daladala. Soko la Ilala, upande wa wauza samaki, ambapo mteja anasubiri apariwe. Saluni na vinyozi. Ukuta wa nje wa shule. Anayesubiri ana muda, na macho yake yanatafuta pa kutua.

Tuchague ramani za skeli kubwa. Ya 1:50,000 itauonyesha mtaa mzima kama ukucha, hakuna atakayejiona. Tuchapishe kwenye turubai lile la mabango ya matangazo, maana karatasi haivumilii jua la Dar es Salaam na chumvi ya hewa yetu. Tuiweke chini kidogo, macho ya mtoto wa darasa la tatu yafike. Ufunguo wote uandikwe kwa Kiswahili. Na kalamu isikosekane, imefungwa kwa kamba.

Anayetaka kuona kazi ya watu waliotangulia, aende Boma la Kale pale Sokoine Drive, jengo la tangu enzi za Majid, lina maonyesho ya historia ya majengo ya jiji. Nendeni na watoto. Lakini boma lile liko mjini. Mimi nataka bibi wa vitumbua aione ramani bila kupanda gari.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, nimeuona mkono wako. Vijana, tafadhali ifungueni hiyo turubai, mfunge kamba ya juu kwenye msumari ule. Taratibu, isiburute. Ndiyo. Hii ni nakala mpya ya ile ya kwangu, na yote aliyoelekeza bibi tumeyanakili humu. Bado kuna sehemu kubwa nyeupe, mnaona wenyewe, kuanzia hapa mpaka bondeni.

Shangazi, wewe uliyekaa karibu na mlango, uliniambia wakati tunaingia kwamba palikuwa na mnazi ambao kina baba walikuwa wanafanya chini yake mikutano ya ndoa. Sijawahi kuusikia. Kalamu hii hapa. Njoo utuonyeshe ulikuwa wapi.